Tazama Jicho, Pima Uzito, Kisha Nywesha Dawa: Minyoo wa Mbuzi Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Leo tunateremka upande wa kusini, katika pwani ya Kilwa na Lindi, na mazungumzo yetu yanahusu minyoo wa mbuzi na dawa ya kuwaua. Wewe unayefuga Tanga, Morogoro au mahali pengine penye joto na mvua, usifunge kitabu. Minyoo hao wapo na kwako pia.

Hapa pwani mbuzi si pambo la uani. Mkulima wa Kiranjeranje, Mchinga au Mingoyo ana mihogo yake, ana ufuta, ana mikorosho na minazi. Ufuta na korosho huleta fedha kwa msimu. Lakini mtoto akiugua mwezi wa Machi, au sare za shule zikitakiwa mwezi wa Januari, anayekamatwa kamba ni mbuzi. Arusi ikija ni mbuzi, akika ni mbuzi, Idd el Hajj ni mbuzi. Hii ni akiba inayotembea kwa miguu minne. Basi wakifa mbuzi watatu katika masika moja, nyumba hiyo imezika akiba yake.

Na kifo chenyewe humshangaza mwenye mali. Jioni mbuzi amerudi na wenzake, asubuhi amekutwa amekufa. Hapo maneno huwa mengi: huyu atasema ameumwa na nyoka, yule atasema ni jicho la hasidi. Huenda ni nyoka kweli. Lakini katika miezi ya mvua, mara nyingi muuaji anakaa ndani ya tumbo la mbuzi mwenyewe, naye alianza kazi yake wiki nyingi kabla ya siku hiyo.

Wapo wanaosema: "Sisi dawa tunanunua, tunanywesha, na mbuzi wanakufa vilevile." Maneno hayo yana ukweli, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Dawa inaweza kushindwa kwa sababu tatu kubwa. Ya kwanza, kipimo kilikuwa kidogo. Ya pili, minyoo wameizoea dawa hiyo. Ya tatu, mbuzi ametibiwa asubuhi, na mchana amerudishwa kula minyoo wapya palepale alipowapata wale wa kwanza. Tutazichukua moja moja.

ADUI NI NANI

Mbuzi ana minyoo wa aina nyingi, na si wote wenye ubaya sawa. Kuna tegu, ambaye vipande vyake huonekana kwenye kinyesi, vyeupe kama punje za wali. Mfugaji akiviona hushtuka na kukimbilia dukani. Ni vizuri kujua kwamba tegu huyo, kwa kawaida, hamdhuru sana mbuzi mkubwa.

Anayeua ni mwingine, na huyo humwoni kwenye kinyesi. Anaishi katika tumbo la nne la mbuzi, ni mwembamba kama uzi, na jike lake lina urefu wa sentimita 2 mpaka 3. Ukimchinja mbuzi aliyekufa, ukapasua tumbo hilo la nne mara moja, unaweza kumwona akijinyonganyonga, ana mistari myekundu na myeupe iliyosokotana kama kamba ya rangi mbili. Ule wekundu ni damu ya mbuzi wako. Wataalamu humwita Haemonchus. Sisi tumwite mnyoo mfyonza damu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mnyoo mmoja humpotezea mbuzi damu kiasi cha mililita 0.05 kwa siku. Ni tone tu. Lakini minyoo 1,000 ni mililita 50 kila siku, na kwa siku kumi ni nusu lita. Mbuzi wa kilo 25 ana damu yote isiyofika lita 2. Sasa unaona kwa nini mbuzi anakufa ghafla: yeye amekuwa akichujwa damu kimyakimya, na siku moja mwili umeshindwa.

Jambo moja huwapoteza wengi. Mnyoo huyu mara nyingi haleti kuhara. Mfugaji anatazama kinyesi, anaona golori nzuri, anasema mbuzi ni mzima. Hasha! Kuhara huletwa zaidi na minyoo wengine wa utumbo, au na vijidudu vya koksidia kwa watoto wa mbuzi, au hata na majani mabichi ya mwanzo wa mvua. Usingoje kuhara ndipo uamke.

MVUA ZETU NA MZUNGUKO WA MNYOO

Jike mmoja wa mnyoo huyu hutaga mayai 5,000 mpaka 10,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na kinyesi na kudondoka malishoni. Kukiwa na joto na unyevu, yai huanguliwa, na baada ya wiki moja hivi mnyoo mchanga amekuwa tayari kuingia ndani ya mbuzi. Hupanda juu ya jani pamoja na umande au maji ya mvua, na hapo hungoja. Mbuzi akila jani, amemla na yeye. Baada ya wiki tatu hivi mnyoo huyo naye ni mkubwa, anafyonza damu na kutaga.

Sasa linganisha na mvua zetu. Katika pwani ya Lindi na Kilwa mvua huanza Novemba au Desemba, hupungua kidogo katikati, hushika tena Machi na Aprili, na kumalizika Mei. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ardhi ni kavu. Jua kali na ukavu huua minyoo wengi malishoni, lakini wale walio ndani ya mbuzi hawauawi na jua. Wanangoja humo humo. Mvua za kwanza zikianguka, mayai yao yanapata unyevu, na mchezo unaanza upya. Wiki nne au sita baadaye mbuzi wa kwanza wanaanza kudhoofika. Ndiyo maana vifo huwa vingi baada ya mvua kukolea.

Na kuna desturi yetu moja ya pwani inayomsaidia mnyoo: mbuzi wa kamba. Wakati wa kilimo mbuzi hufungwa kwenye kigingi, chini ya mnazi au mkorosho, asije akala mihogo ya jirani. Ni ujirani mwema, wala siulaumu. Lakini mbuzi akifungwa kigingi kimoja wiki mbili, mvua ikinyesha, anakula duara lilelile analolinyea. Majani yanakuwa mafupi, mdomo unashuka karibu na ardhi, na huko ndiko minyoo wachanga walikojaa.

Tuongeze jambo jingine. Zamani mbung'o walizuia ufugaji katika sehemu nyingi za bara ya Kilwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walihamishwa kutoka bonde la Usangu na Ihefu, na wengi wao wakaletwa mkoa wa Lindi pamoja na makundi yao. Wenyeji nao wameongeza mbuzi. Kosa si la mtu. Ila vichwa vikiwa vingi katika malisho mamoja, na mayai ya minyoo huwa mengi, na kila mwenye mbuzi anahusika na afya ya mbuzi wa mwenzake.

TAZAMA JICHO

Kwa kuwa mnyoo huyu anafyonza damu, dalili yake iko kwenye rangi ya damu. Mshike mbuzi mahali penye mwanga wa mchana. Kwa kidole gumba kimoja funika jicho kwa kope la juu, sukuma taratibu, kisha kwa kidole gumba cha mkono wa pili vuta kope la chini. Utando wa ndani wa kope la chini utatokeza. Tazama rangi yake upesi, kisha achia. Fanya hivyo macho yote mawili.

Utando wa mbuzi mzima ni mwekundu. Damu ikipungua, unageuka waridi, kisha waridi iliyofifia, na mwisho unakuwa mweupe kama karatasi. Huko Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, ilitengenezwa kadi yenye rangi tano za kulinganisha na jicho. Kadi hiyo inaitwa FAMACHA, jina lililotokana na la mganga wa mifugo Faffa Malan. Rangi ya 1 na ya 2 ni nyekundu: mbuzi huyo mwache. Ya 4 na ya 5 ni weupe: huyo mnyweshe dawa leo, wala usiseme kesho. Ya 3 iko katikati: mnyweshe kama ni mtoto, au ana mimba, au ananyonyesha, au amekonda.

Muulize bwana mifugo wa kata yako kama anayo kadi hiyo, akufundishe kuitumia. Usiinakili kwa kalamu za rangi nyumbani, maana rangi ikikosea kidogo tu hukumu nayo imekosea. Kama kadi haipo, hata kulinganisha mbuzi wako wao kwa wao kutakusaidia: yule mwenye utando mweupe kuliko wote ndiye wa kwanza.

Tazama pia chini ya taya. Mbuzi aliyeishiwa damu hupata uvimbe laini hapo, kama mfuko wenye maji, unaoonekana zaidi jioni baada ya kutwa nzima ya kuinamisha kichwa. Huyo yuko hatarini. Dalili nyingine ni kubaki nyuma ya wenzake, kulala mara kwa mara, na manyoya kusimama.

Lakini tahadhari. Weupe wa jicho hauletwi na minyoo peke yao. Nagana inayoletwa na mbung'o hupunguza damu, na kupe na viroboto wengi hupunguza damu pia. Kama mbuzi amepewa dawa sawasawa, na wiki mbili zimepita bila jicho kurudi wekundu, mwite mtaalamu. Na kama mbuzi ana homa, kamasi, vidonda mdomoni na kuhara, usihangaike na dawa ya minyoo; toa taarifa haraka, maana hiyo inaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa nchini mwaka 2008 na kuenea mpaka kusini.

KUNUNUA DAWA: SOMA MAANDISHI MADOGO

Dukani utakuta chupa za majina mengi na picha nzuri nzuri. Usinunue picha. Soma maandishi madogo yanayotaja kiini cha dawa. Kwa mbuzi, dawa zinazotumika sana ziko katika jamii tatu. Ya kwanza ni jamii ya albendazoli. Humo wamo pia fenibendazoli na oksifendazoli. Ya pili ni levamisoli, na ndugu yake tetramisoli. Ya tatu ni ivamektini.

Kwa nini nakuambia jamii? Kwa sababu mnyoo aliyezoea dawa moja kwa kawaida huwa amezizoea na ndugu zake. Mtu anasema: "Mwaka jana nilitumia chupa ya bluu, mwaka huu nimebadili, natumia ya kijani." Kumbe zote mbili ni albendazoli. Hajabadili kitu ila rangi ya chupa.

Jambo hili la minyoo kuzoea dawa si hadithi. Dawa ya thiabendazoli, ya kwanza katika jamii ya albendazoli, iliingia sokoni mwaka 1961 na ikasifiwa dunia nzima. Mwaka 1964 tayari huko Marekani iliripotiwa kwamba minyoo wa kondoo wameizoea. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1991 wataalamu walichapisha ushahidi wa minyoo wafyonza damu wa kondoo waliozoea dawa za jamii hiyohiyo. Jirani zetu wa Kenya nao walikuta jambo kama hilo katika miaka ya 1990. Dawa mpya hazigunduliwi kila siku. Hizi tulizonazo tukiziharibu, wajukuu wetu watafuga kwa dua tupu.

Nunua katika duka la dawa za mifugo linalotambulika, si kwenye meza ya gulioni ambako chupa imekaa juani tangu asubuhi. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyumbani iweke mahali pa kivuli, mbali na watoto.

PIMA UZITO

Hapa ndipo dawa nyingi zinapopotea bure. Kumkadiria mbuzi kwa macho ni kubahatisha, na aliyezoea kumwona kila siku hubahatisha vibaya zaidi.

Wewe wa pwani huna sababu ya kukosa mizani. Ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki na pweza inafaa kabisa kwa mbuzi mdogo na wa kati. Mpitishie gunia lenye kamba chini ya tumbo, mwinue, soma kilo. Ila angalia kwanza mizani yenyewe inabeba kilo ngapi. Kwa mbuzi mkubwa, omba mizani ya chama cha msingi wakati korosho au ufuta haupimwi. Panda ukiwa umembeba mbuzi, kisha panda peke yako, toa tofauti. Ukikosa yote hayo, bwana mifugo ana utepe wa kupimia kifua unaokadiria uzito.

Sasa sikiliza vizuri habari ya mbuzi na kondoo. Mwili wa mbuzi huiondoa dawa upesi kuliko mwili wa kondoo. Kwa hiyo kipimo cha kondoo, ambacho ndicho huandikwa kwenye chupa nyingi, mara nyingi hakimtoshi mbuzi. Kwa albendazoli, kipimo kinachopendekezwa kwa mbuzi ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Lakini usichukue kanuni hiyo ukaitia kwenye kila dawa. Levamisoli ikizidi humtia mbuzi sumu: hutoka mate, hutetemeka, na anaweza kufa. Kwa levamisoli na ivamektini, mwachie mtaalamu akupangie kipimo.

Tuchukue mfano wa mbuzi wa kilo 24. Kilo 24 mara miligramu 10 ni miligramu 240. Kama chupa yako ni albendazoli ya asilimia 10, kila mililita ina miligramu 100. Basi mbuzi huyo atapata mililita 2.4. Kama chupa ni ya asilimia 2.5, kila mililita ina miligramu 25 tu. Basi atahitaji mililita 9.6. Umeona? Dawa ni ileile, mbuzi ni yuleyule, lakini kiasi kimezidi mara nne. Aliyezoea chupa ya asilimia 10, akanunua ya asilimia 2.5 na kunywesha mililita 2.4 kama zamani, amempa mbuzi robo tu ya kipimo.

Na robo ya kipimo ina madhara gani? Inaua minyoo dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Wale wenye nguvu ndio wanaozaa. Kipimo kidogo ni shule ya minyoo. Wanafundishwa kuishi na dawa, kisha wanawafundisha na watoto wao. Ukinunua chupa moja na kuigawa kwa mbuzi wote thelathini ili kila mmoja aonje, umefungua shule hiyo kwa fedha yako mwenyewe. Afadhali watibiwe wanane walio wagonjwa kwa kipimo kamili.

KUNYWESHA

Tikisa chupa vizuri. Vuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ili upate kiasi halisi. Kizibo cha chupa ya soda si kipimo. Mshike mbuzi akiwa amesimama, kichwa kikiwa usawa wa kawaida. Usikiinue juu kama anayetazama nazi, maana dawa itaingia mapafuni na mbuzi atakufa kwa dawa badala ya minyoo. Ingiza bomba kwenye kona ya mdomo, juu ya ulimi, mpaka nyuma, kisha sukuma polepole ameze.

Mbuzi jike aliyepandwa karibuni, katika mwezi wa kwanza wa mimba, asipewe albendazoli, kwani inaweza kuharibu kijusi. Usichanganye dawa mbili kwenye bomba moja bila ushauri. Na usisahau siku za kungoja: kila chupa inaeleza siku ambazo nyama au maziwa hayafai kutumiwa baada ya dawa. Wewe unayenenepesha mbuzi kwa ajili ya Idd, hesabu siku hizo mapema, ili usimuuzie jirani nyama yenye dawa. Wala usingoje wiki ya mwisho ndipo umtibu aliyekonda, maana mbuzi mgonjwa aliyedhoofika hafai kwa udhia.

Mtaniuliza habari ya mwarobaini. Najua majani yake hutumika sana huku pwani. Majaribio yaliyofanywa kwa mbuzi na kondoo yametoa majibu yasiyolingana, mahali pengine yamesaidia kidogo, mahali pengine hapana. Basi kwa mbuzi ambaye jicho lake limekuwa jeupe, usicheze na wakati. Huyo mpe dawa ya dukani kwa kipimo kamili.

KWA NINI TUSIWANYWESHE WOTE

Hili huwashangaza wafugaji wengi, maana tulizoea kusema wapewe wote siku moja. Katika kundi, minyoo hawakugawana mbuzi sawasawa. Mbuzi wachache ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo wote. Wengine wana wachache na wanavumilia. Ukiwatibu wale wenye macho meupe, umeokoa walio hatarini na umepunguza sana mayai malishoni, kwa dawa kidogo.

Na wale minyoo wachache wanaobaki ndani ya mbuzi wazima wana kazi. Wao hawajakutana na dawa, kwa hiyo dawa bado inawaua. Wanazaana na wale waliopona kwa kuizoea dawa, na uzao wao hauwi sugu upesi. Lakini ukiwanywesha wote siku moja, kisha kesho yake ukawapeleka malisho mapya, watakaozaa huko ni minyoo sugu peke yao. Utakuwa umepanda mbegu mbaya katika shamba safi.

Wapo wa kuangaliwa zaidi kuliko wengine: watoto wa mbuzi wanaoanza kula majani, na majike wanaokaribia kuzaa au waliozaa karibuni. Mwili wa jike wakati huo hulegea katika kupambana na minyoo, na kinyesi chake hujaa mayai ambayo mtoto wake ndiye atakayeyala.

MALISHO, BANDA NA MBUZI MGENI

Dawa inaua waliomo tumboni. Walio kwenye majani ni kazi yako wewe. Minyoo wachanga wengi hukaa chini ya sentimita 10 kutoka ardhini. Kwa hiyo usichunge mpaka nyasi ziwe kama mkeka. Usifungulie mbuzi alfajiri kukiwa na umande. Ngoja jua likaushe majani. Kigingi kihamishe kila siku, na duara lililotumika lisirudiwe kwa miezi miwili au zaidi.

Mbuzi kwa asili ni mla vichaka, si mla nyasi kama ng'ombe. Mkatie majani ya lusina, ya mbaazi baada ya mavuno, na ya vichaka anavyovipenda, uyaning'inize juu ya kifua chake. Huko juu mnyoo hafiki, na mbuzi anapata chakula cha kujenga mwili ambacho humsaidia kupambana na minyoo. Majani ya mihogo ni chakula kizuri, lakini yakaushe juani kwanza, maana mabichi yana sumu, hasa ya mihogo michungu.

Banda liinuliwe juu ya ardhi, sakafu iwe ya fito au mbao zenye nafasi ndogo ili kinyesi kidondoke chini. Chakula kiwekwe kwenye hori, kisimwagwe sakafuni. Kinyesi kifagiliwe kwenye rundo kioze; joto la rundo huua mayai na minyoo wachanga, na mbolea hiyo utaipeleka kwenye bustani. Usiimwage malishoni.

Ukinunua mbuzi mnadani au akiletwa kutoka mbali, usimchanganye mara moja na wako. Mtenge wiki tatu, ili magonjwa mengine yajionyeshe. Mpatie dawa ya minyoo kwa ushauri wa mtaalamu siku ya kufika, maana anaweza kuja na minyoo sugu ambao kijiji chenu hakijawahi kuwa nao.

Na ukishuku kwamba dawa haifanyi kazi, usikisie. Chukua kinyesi kibichi cha mbuzi kadhaa siku ya kunywesha, na tena baada ya siku 14, ukipeleke kwa bwana mifugo kikiwa kimefungwa na kuwekwa mahali pa baridi. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Mtwara, na kazi ya kuhesabu mayai ya minyoo si ngumu. Mayai yakipungua kwa asilimia 95 au zaidi, dawa ni nzima. Yakibaki mengi, na kipimo kilikuwa sawa, badilisha jamii ya dawa.

KALENDA YA MFUGAJI WA PWANI

Oktoba: tengeneza banda, tazama macho ya wote, tibu wenye weupe. Desemba mpaka Mei: tazama macho kila baada ya wiki mbili, mvua ikiwa nyingi sana, kila wiki. Juni mpaka Septemba: mara moja kwa mwezi inatosha. Kila unapomtibu mbuzi, andika kwenye daftari siku, jina au alama yake, uzito, dawa na kiasi. Ukiona jina moja linajirudia mara tatu au nne katika masika moja, mbuzi huyo muuze. Usimfanye mzazi wa kundi, maana udhaifu wake atawarithisha watoto.

Ndugu mfugaji, wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mnyoo huyu ni mwembamba kuliko mwiba. Tazama jicho, pima uzito, kisha nywesha dawa. Na baada ya dawa, badilisha malisho polepole kwa akili. Kazi njema, na mvua za mwaka huu zikukute umejiandaa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu mbuzi hufa zaidi mwezi gani? Mvua zilikuwa zimeanza lini?

2. Chupa za dawa tulizonazo nyumbani ni za jamii gani? Kila mmoja alete yake tusome.

3. Mbuzi ana kilo 18 na chupa ni albendazoli ya asilimia 10. Atapewa mililita ngapi? Je, kama ni ya asilimia 2.5?

4. Ni nani kijijini mwenye mizani tunayoweza kuazima, na kwa siku gani?

5. Wakati wa kilimo tutahamishaje vigingi bila mbuzi kuingia katika mashamba ya majirani?